Wahadhiri wasisubiri muhula uishe ndipo wawasikie wanafunzi

Mhariri,

Muhula ukifika ukingoni, wanafunzi wa vyuo vikuu hufunguliwa fomu ya kuwatathmini wahadhiri wao. Vyuo kadhaa vimeifanya sharti: hujajaza, huoni matokeo. Basi mwanafunzi mwenye wasiwasi kama ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, anaifungua kwenye simu, anabonyeza 4 kuanzia juu hadi chini kwa kozi zote, na dakika mbili baadaye kazi imekwisha. Mkuu wa idara anapata wastani usiosema lolote, na kozi inarudi mwaka unaofuata na slaidi zilezile. Hata yule mmoja aliyekaa akaandika maoni ya maana hafaidiki nayo, kwa kuwa kozi ameshaimaliza. Ni kama kumwambia mpishi chumvi imepungua wakati wageni wameshanawa mikono.

Ninachoomba kupitia safu hii ni kidogo kuliko mageuzi tunayoyasoma kila siku. Vyuo viwape wanafunzi kazi ya saa chache kwa wiki, yenye malipo, ya kukaa na wahadhiri muhula ukiwa unaendelea na kurekebisha ufundishaji pamoja nao. Sisemi iundwe kamati nyingine. Wawakilishi wa wanafunzi tayari wanaingia kwenye vikao vya juu vya vyuo, na huko wanazungumzia ada, mabweni na bumu (fedha za mkopo za kujikimu) lililochelewa, mambo ya haki kabisa. Lakini hakuna kikao cha Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, kitakachoeleza kwa nini darasa la takwimu liliachwa njiani Jumanne saa nne.

Wakati wenyewe ni huu. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu Tanzania, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021, umeleta majengo mapya na kuhuisha mitaala. Waajiri wameombwa maoni kuhusu mitaala hiyo, na ni vizuri. Ila mtaala mpya ukishapitishwa unaingia kwenye ukumbi wa watu 400, unafundishwa kwa namna ya zamani, na wa kwanza kujua kwamba haueleweki ni aliyekaa mstari wa kumi na mbili. Huyo hajaulizwa.

Mfano uliokomaa uko Pennsylvania, Marekani. Chuo cha Bryn Mawr, pamoja na jirani yake Haverford, kina programu iitwayo SaLT (Students as Learners and Teachers, yaani wanafunzi kama wajifunzaji na walimu) iliyoanza mwaka 2006 chini ya Alison Cook-Sather, kwa ruzuku ya Wakfu wa Andrew W. Mellon. Mwanafunzi mshirika huingia mara moja kwa wiki kwenye darasa ambalo yeye mwenyewe halisomi, huandika alichokiona, kisha hukutana na mhadhiri wa darasa hilo. Kila wiki pia hukutana na washirika wenzake na mratibu. Analipwa kwa saa. Mhadhiri mpya anayejiunga hupunguziwa kozi moja ya kufundisha. Mwanzoni walitafutwa hasa wanafunzi wa jamii za wachache, wanaojua darasa linavyoonekana kwa mtu ambaye halikupangwa kwa ajili yake. Kwetu huyo ni nani? Ni aliyetoka shule ya kata akakutana na mhadhara wa Kiingereza kitupu, mwenye jibu kichwani lakini hana sentensi ya kulitolea. Ni asiyesikia vizuri, aliyewekwa kwenye ukumbi wenye maiki mbovu.

Najua jibu litakalokuja: hivyo ni vyuo vidogo na vina fedha. Kweli. Kwa hiyo tusiinakili programu nzima, tuchukue mifupa yake, nayo haina gharama kubwa. Tuhesabu. Mshirika anakaa darasani saa 1, anatumia dakika 45 kusafisha maandishi yake, dakika 40 na mhadhiri, na saa 1 kwenye kikao cha washirika. Ukiongeza shughuli ndogondogo, hazizidi saa 5 kwa wiki. Akianza wiki ya 3 na kumaliza wiki ya 12, ni saa 50. Kitivo kinachojaribu kozi 8, kila moja na mshirika mmoja, kitalipa saa 400 kwa muhula, kwa kiwango kilekile ambacho chuo huwalipa wanafunzi wanaofanya kazi maktaba au kukusanya takwimu za utafiti. Semina moja ya siku mbili hotelini inakula zaidi ya hapo.

Sasa kazi yenyewe. Mshirika anaingia na karatasi yenye safu tatu: ya kwanza saa, ya pili kinachotokea, ya tatu maswali. Wengi huharibu kwenye safu ya pili, kwa sababu wanaandika hukumu pale wanapotakiwa kuandika tukio. "Mhadhiri anaenda mbio" ni hukumu, na hakuna Profesa atakayeipokea kwa kijana wa mwaka wa tatu bila kukunja uso. Karatasi nzuri inasomeka hivi:

"2:07. Projekta imewaka. Watu kama 60 bado wanaingia, na mlango uko mbele, wanakatiza kati ya mhadhiri na ubao. 2:19. 'Tuko pamoja?' Mstari wa mbele unaitikia ndiyo. Sekunde 2, anaendelea. 2:31 hadi 2:40, slaidi 9. Kuanzia mstari wa nane kwenda nyuma kalamu zimelazwa, simu zinapiga picha ukuta. 2:44, mfano wa bei ya mahindi wakati wa mavuno. Vichwa vinainuka, kalamu zinarudi."

Hapo hakuna tusi wala sifa. Safu ya tatu nayo inauliza tu: je, mfano wa mahindi ungetangulia zile slaidi tisa, ingekuwaje? Na ile "Tuko pamoja?" ya 2:19, ungeweza badala yake kuwapa swali moja walijibu kwenye daftari, kisha ukapita katikati ya viti ukasoma matatu manne? Mhadhiri akiiona karatasi hiyo hana wa kugombana naye. Kama anaamini alikuwa na sababu ya kukimbiza slaidi zile, anaieleza, na mara nyingi mazungumzo yenye faida huanzia hapo, maana darasa halikuwahi kuambiwa sababu hiyo.

Sekunde nazo zihesabiwe kwa saa ya mkononi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojibu waliongezeka. Kwetu mwanafunzi anatakiwa kwanza aelewe swali la Kiingereza, atafute jibu, alivishe Kiingereza, ndipo anyooshe mkono mbele ya watu 400 watakaomcheka akikosea kitenzi. Sekunde 3 hazimtoshi. Mpe dakika nzima, mruhusu amnong'oneze jirani yake kwa Kiswahili kwanza, halafu omba jibu. Hiyo haivunji sera yoyote ya lugha.

Nani ateuliwe? Kanuni isiyolegezwa ni kwamba asiwe anaisoma kozi hiyo muhula huo. Mwanafunzi ambaye kalamu ya mhadhiri huyu itampa alama za kazi za muhula, ambazo kwenye vyuo vyetu vingi ni 40 kati ya 100, hawezi kumwambia ukweli, na akiuambia hataamini kwamba haukumponza. Achukuliwe wa mwaka wa juu aliyekwisha kuipita kozi. Na asitafutwe mwenye A peke yake. Aliyepata C, au aliyepita kwa sapu, anakumbuka barabara mahali alipodondokea. Mwenye A mara nyingi alielewa bila kujua alielewaje. Kiongozi wa darasa pia asipewe kazi hii. Tayari ni mjumbe wa tarehe za majaribio, msambazaji wa madesa (nakala za notisi) na mtu wa kulaumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Mhadhiri naye asiachiwe kumteua mwanafunzi wake kipenzi. Mratibu ndiye awapange.

Kwa upande wa wahadhiri, aanze anayejitolea. Viongozi wengi watashawishika kuanza na wale wenye wastani mbaya kwenye tathmini. Wasithubutu. Siku hiyohiyo programu itakuwa adhabu, na kila atakayeonekana na mshirika atajulikana kuwa ni mgonjwa. Waanze wawili watatu wanaoheshimika idarani, mmoja wao akiwa mwandamizi, ili mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi asione aibu kufuata.

Kinachoua mipango ya namna hii kuliko kitu kingine chochote ni faili. Chuo kikishalipa kinataka ripoti, na Kurugenzi ya Udhibiti Ubora itaomba karatasi za uangalizi "kwa kumbukumbu". Zisitolewe. Maandishi ya mshirika ni mali ya mhadhiri, yanakabidhiwa kwake na nakala haibaki. Sentensi moja kutoka kwenye karatasi hizo ikisomwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo, mhadhiri ataanza kumwigizia mgeni wake, na mshirika ataitwa shushushu kote bwenini. Mratibu anahitaji kujua mambo mawili tu: kwamba mikutano ilifanyika, na kwamba saa zilizosainiwa ni za kweli. Mhadhiri akitaka mwenyewe kuandika alichobadilisha na kukiweka kwenye maombi yake ya cheo, hiyo ni hiari yake, na kamati ingefanya vyema kukithamini, kwa sababu leo machapisho ndiyo yanayobeba karibu kila kitu.

Darasa nalo liambiwe siku ya kwanza. Mhadhiri amtambulishe mshirika kwa jina, aseme hachukui mahudhurio, hagusi alama, haandiki jina la mwanafunzi yeyote wala la anayesinzia. Hili likiachwa, ndani ya wiki mbili kutakuwa na uvumi kwamba ametumwa na utawala.

Kati ya wiki ya 5 na ya 6 kuna kazi nyingine, ambayo kwa maoni yangu inafaa kufanywa hata na chuo kisichotaka kingine chochote katika haya. Mhadhiri anakatisha mhadhara dakika 25 kabla ya muda, anatoka nje, anamwachia mshirika darasa. Njia hii ilitengenezwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na inahitaji chaki na karatasi chache tu. Wanafunzi wanakaa makundi ya watu 5 au 6. Kwenye ukumbi wa viti vilivyofungwa sakafuni, mstari mmoja unageukia wa nyuma yake. Maswali ni matatu: nini kinakusaidia kujifunza katika kozi hii, nini kinakukwamisha, na kipi kinaweza kubadilishwa kabla muhula haujaisha? Dakika 8 za kujadili, kila kundi linaandika kwenye karatasi moja. Kisha mshirika anaita makundi machache kutoka kila pembe ya ukumbi, wa nyuma wakitangulia, anaandika hoja ubaoni na kupigisha kura ya mikono kwa kila hoja. Kura ndiyo kichujio. Mtu mmoja mwenye hasira na mhadhiri huonekana ni mmoja, na jambo lililodhaniwa dogo, tuseme maandishi ya slaidi yasiyosomeka kutoka nyuma, linaweza kukuta ukumbi mzima umenyoosha mikono.

Mhadhiri anapata muhtasari wa ukurasa mmoja ndani ya siku mbili, wenye hoja na kura zake bila majina. Mhadhara unaofuata anatumia dakika 5 kujibu: hiki nabadilisha kuanzia leo, hiki siwezi na sababu yake ni hii, na hiki ni cha kwenu kufanya. Sehemu ya tatu isisahaulike, kwa sababu wanafunzi wanaolalamika kwamba semina, yaani vipindi vya majadiliano vya makundi madogo, ni baridi mara nyingi ndio wanaokuja semina hawajasoma hata ukurasa mmoja. Mambo mawili huharibu zoezi. La kwanza ni mhadhiri kuuliza "Nani alisema hivi?", hata kwa utani. La pili ni kuahidi yote. Abadilishe mawili yanayoonekana na kuyashikilia. Mbaya kuliko yote ni kukusanya maoni na kunyamaza. Darasa lililoulizwa likapuuzwa huwa gumu kuliko ambalo halikuulizwa kabisa.

Eneo la tatu ni mitihani na mazoezi, na hapa ushirika una nyama nyingi isiyoguswa. Chukua mwongozo wa kusahihishia insha unaosema alama 10 ni za "uchambuzi wa kina". Kina cha nini? Mhadhiri anajua, mwanafunzi anabahatisha. Chukua insha mbili za mwaka uliopita, kwa ridhaa ya walioziandika, zichapwe upya bila majina ili hata mwandiko usitambulike. Mhadhiri na washirika wawili wazisahihishe kila mtu peke yake kwa mwongozo uleule. Wakitofautiana kwa alama zaidi ya 10 kati ya 100, shida iko kwenye mwongozo, na sentensi ya kurekebisha huonekana yenyewe wanapoanza kubishana. "Uchambuzi wa kina" utageuka kuwa kitu kama "ameeleza sababu mbili zinazopingana na kuonyesha ipi ina ushahidi zaidi". Mwongozo huo ugawiwe darasani pamoja na swali, siyo baada ya kusahihisha. Swali la mtihani wenyewe mshirika asilione kamwe; hilo halina mjadala.

Kuna pia hesabu ya mzigo. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inamdai saa 120, mhadhara na kujisomea vikiwa pamoja. Kila mhadhiri anaijua hesabu ya kozi yake. Asichokiona ni kwamba kozi tano za muhula mmoja zote zimepanga kazi kubwa wiki ya 9. Washirika wakichora jedwali moja la tarehe za mazoezi na majaribio kwenye wiki ya 3, idara italiona hilo kwa dakika kumi na kusogeza mawili. Wiki ya namna hiyo ndiyo inayozaa kunakiliana, halafu tunashangaa programu ya kukagua wizi wa maandishi inatoa asilimia za kutisha.

Kuhusu heshima, maana hoja hiyo itaibuka: "Mtoto wa juzi anifundishe kazi?" Hafundishi somo wala hasemi kama nadharia ni sahihi. Analeta kitu ambacho mhadhiri hawezi kukipata akiwa amesimama mbele, yaani darasa linavyoonekana likiwa limekaliwa. Ataamkia, ataita "Profesa" au "Dokta" kama kawaida, na maneno yake yatakuwa ya kuuliza. Lakini hilo halizuki lenyewe, linafundishwa. Washirika wapewe mafunzo ya nusu siku kwa siku mbili kabla ya wiki ya 3, waangalie mhadhara uliorekodiwa, waandike, na wabadilishane karatasi wakifuta kila neno la hukumu. Uskoti ina taasisi ya kitaifa, sparqs, ambayo tangu 2003 inawapa mafunzo hata wawakilishi wa kawaida wa madarasa. Sisi CR, yaani kiongozi wa darasa, tunamchagua kwa kelele za dakika tano, kisha tunamlaumu kwamba hajui kuwasilisha hoja.

Muda wa wahadhiri ni hoja nzito zaidi, na siwezi kuipuuza. Mwenye kozi tatu na makaratasi elfu moja ya kusahihisha hana dakika 40 za ziada. Apunguziwe kitu: aondolewe kwenye kamati moja, au kundi moja la semina apewe mwingine. Bila hivyo mikutano itaahirishwa wiki ya 4, ya 5, na wiki ya 7 itakuwa imekufa bila tangazo.

Tusiubebeshe ushirika huu yasiyo yake pia. Mhadhiri anayetokea madarasani nusu ya muhula hahitaji mshirika, anahitaji mkuu wa idara anayefanya kazi yake. Ukumbi wa watu 700 usio na maiki unahitaji maiki.

Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma anaweza kuanza muhula ujao kwa waraka wa ukurasa mmoja: kozi 8 za kujitolea, mshirika asiyeisoma kozi husika, maandishi ni ya mhadhiri na hayaingii kwenye faili lolote, malipo kwa saa zilizosainiwa. Kozi za pamoja za mwaka wa kwanza, kama Taaluma za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano, ziwemo, kwa kuwa ndiko kwenye kumbi kubwa na wanafunzi wapya. Huko wapangwe washirika wawili, mmoja akae mbele na mwingine nyuma kabisa. Na malipo yatoke kila mwezi. Mwanafunzi aliyefanya kazi Novemba akalipwa Aprili hatarudi, na atawaambia wenzake.

Mdau wa elimu ya juu,
Morogoro